Utabiri Ukikosea, Utakugharimu Wapi? Mwongozo kwa Rubani na Mpangaji wa Safari

Ndege mbili zinaondoka Mwanza asubuhi moja kwenda Dar es Salaam, msimu wa kusi. Moja ni jeti inayokata hewa kwa noti 450, nyingine ni Cessna Caravan ya noti 160. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu kilomita 1.85.) Umbali ni kama maili 460 za baharini. Tuseme kila rubani, katika kimo chake, ametabiriwa upepo wa mbele wa noti 10, na alipofika juu amekuta noti 25.

Jeti iliyopangiwa dakika 63 itatumia 65. Rubani wake hatakuwa na la kusimulia jioni. Caravan iliyopangiwa saa 3 na dakika 4 itatumia saa 3 na dakika 24, na hizo dakika 20 ni zaidi ya kilo 50 za mafuta. Kanuni za kimataifa zinadai mafuta ya tahadhari ya asilimia 5 ya mafuta ya safari, au ya dakika 5 za kuzunguka angani, lolote lililo kubwa. Kwa jeti kosa la upepo limemezwa na tahadhari hiyo na chenji imebaki. Kwa Caravan asilimia 5 ni dakika 9. Dakika 11 zilizosalia zitatoka kwenye mafuta ya uwanja mbadala au, Mungu apishe mbali, kwenye akiba ya mwisho.

Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa na watu wa ndege kubwa, na ndiyo maana nimeanza na hesabu hii. Mwanafunzi anajifunza asilimia, anafaulu mtihani, kisha anakabidhiwa ndege ndogo ambayo upepo unaifanyia jeuri ambayo jeti haiijui. Kabla ya kuuliza kama utabiri wa leo ni wa kuaminika, jiulize swali jingine: ukikosea, utakosea upande upi, na kosa hilo litaangukia kwenye nini? Urefu wa njia ya kurukia, uzito wa mzigo, mafuta, au mahali pa kutua?

Mtabiri anayefaulu anaruhusiwa kukosea kiasi gani

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka katika mwongozo wa Kiambatisho chake cha 3 kiwango cha usahihi kinachotarajiwa. Kila anayepanga safari angepaswa kukijua kama anavyojua namba ya simu yake, lakini wengi hawajawahi kukiona.

Kwa utabiri wa uwanja wa ndege, huu tunaouita TAF, mwelekeo wa upepo unaruhusiwa kupotea nyuzi 20 na kasi yake noti 5, na hata hivyo vipimo hivyo vitimie mara 80 katika 100. Joto linaruhusiwa kupotea nyuzi 1, mara 70 katika 100. Kimo cha mawingu yaliyo chini ya mita 300 kinaruhusiwa kupotea mita 30, nayo ni mara 70 katika 100. Upepo wa juu unaruhusiwa kupotea noti 10 kwa wastani wa kilomita 900 za njia, mara 90 katika 100. Mahali pa hali mbaya njiani, radi kwa mfano, panaruhusiwa kupotea kilomita 100, mara 70 katika 100.

Soma tena hicho cha mwisho. Kilomita 100 ni zaidi ya umbali wa kutoka Arusha hadi Moshi. Mtabiri akikuwekea wingu la radi juu ya Moshi nalo likalipuka juu ya Arusha, kwa kipimo hiki hajakosea.

Wala simsemi mtabiri vibaya. Anga la ukanda wetu ni gumu. Ulaya mvua nyingi huja na mifumo mikubwa inayoonekana ikisogea siku mbili kabla, ilhali huku wingu la radi linazaliwa, linakua na kufa ndani ya saa chache juu ya mlima mmoja au ghuba moja ya ziwa. Vituo vya kupimia viko mbalimbali, na puto za kupimia hewa ya juu ni chache. Ninachosema ni kwamba kila namba kwenye karatasi ina upana wake, nawe unapanga safari kwa ajili ya upana huo wote.

Kuruka: upepo kwanza, joto baadaye

Marubani wa nyanda za juu hulizungumzia sana joto, na wana sababu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kipimo sanifu katika kimo hicho ingekuwa na nyuzi 4 za joto. Kila nyuzi inayozidi hapo huongeza kama futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi, ule wanaouita densiti altitudi. Siku ya nyuzi 22, tukichukulia mgandamizo wa kawaida, ndege inahisi iko futi 7,700. Utabiri ukikosea na zikawa nyuzi 26, inahisi futi 8,190. Injini ya pistoni isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kosa la nyuzi 4 limekupunguzia kama asilimia moja na nusu ya nguvu na kukurefushia mbio za kuruka kwa asilimia 4 au 5. Linauma, lakini kwa kawaida haliui peke yake.

Sasa tazama upepo. Kanuni ya kidole gumba inayotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza kwa ndege ndogo inasema upepo wa mgongoni wenye kasi sawa na asilimia 10 ya kasi ya kuinuka unarefusha mbio za kuruka kwa asilimia 20. Cessna 172 huinuka kwenye noti 55 hivi. Asilimia 10 yake ni noti 5 na ushee, yaani karibu kosa lile lile ambalo mtabiri wa TAF ameruhusiwa kufanya. Alisema shwari, zikaja noti 5 za mgongoni: yeye amefaulu mtihani wake, wewe mbio zako za kuruka zimerefuka kwa karibu moja ya tano.

Tena makosa haya huzidishana. Ulihitaji mita 600 kwa hesabu ya lami kavu. Upepo wa mgongoni umezifanya 720. Kama kiwanja ni cha nyasi na mvua imenyesha usiku kinyume cha ulivyotabiriwa, kanuni hiyo hiyo inataka uongeze asilimia 30 nyingine, na sasa ni mita 936. Kiwanja cha mita 900 ambacho jana jioni kwenye karatasi kilikuwa na nafasi ya kumwaga hakitoshi tena, na hakuna aliyedanganya.

Ndege kubwa za abiria zimewekewa kinga dhidi ya jambo hili ndani ya vitabu vyake: upepo wa mbele huhesabiwa nusu tu, na wa mgongoni huhesabiwa mara moja na nusu. Ichukue kanuni hiyo uitumie hata kwenye ndege ndogo ambayo kitabu chake hakikulazimishi. Ukitabiriwa noti 10 za mbele, panga kwa 5. Ukitabiriwa 4 za mgongoni, panga kwa 6. Na ukifika kiwanjani, soksi ya upepo ina kauli ya mwisho kuliko karatasi yoyote.

Joto linakuwa bwana pale ndege inapobanwa na uzito. Nairobi, kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta ulio futi 5,330, au Addis Ababa ulio juu ya futi 7,600, jeti ya safari ndefu iliyojaa mafuta huenda ikalazimika kuacha mizigo kwa sababu ya nyuzi chache. Usiku wenye hewa baridi unazifaa ndege hizo kuliko alasiri, na hiyo ni sababu moja, ingawa si pekee, ya safari nyingi za Ulaya kuondoka huku watu wamelala. Kwa safari za namna hiyo kuna utabiri maalumu wa kuruka, unaotolewa ndani ya saa 3 kabla ya kuondoka, ambao joto lake linatakiwa lisipotee zaidi ya nyuzi 1 mara 90 katika 100. Kama hesabu yako ya uzito imefika ukingoni, utumie huo, na uachane na ule wa jana usiku.

Kuna jambo moja ambalo ukanda wa ikweta unatupatia bure. Mgandamizo wa hewa huku hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio unaokaribia saa ya ukutani: unafika juu kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unashuka chini kama saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Tofauti ni hektopaskali 3 au 4, yaani kama futi 100. Kidogo, ila angalia alasiri: mgandamizo uko chini saa zile zile joto lilipo juu. Ukiahirisha safari kutoka saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, vyote viwili vinakugeukia kwa pamoja. Fanya hesabu upya. Usitegemee ile ya asubuhi.

Kwa viwanja vya mbugani ongeza shaka. TAF inahusu uwanja wenyewe na kama kilomita 8 kuuzunguka. TAF ya Kilimanjaro haisemi chochote kuhusu Seronera. Ukitumia programu ya simu, ujue kwamba kompyuta ya utabiri imegawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, na kila mraba una mwinuko wa wastani. Kiwanja chako kikiwa bondeni na mraba ukawa wa mlimani, joto unaloonyeshwa ni la mlimani. Programu nyingi huonyesha mwinuko zinaoutumia. Ulinganishe na ule wa kiwanja, kisha rekebisha nyuzi 2 kwa kila futi 1,000.

Kusoma TAF kama mtu mwenye shaka

Saa za TAF ni za UTC, na hapa msemaji wa Kiswahili ana njia ya mkato: toa 3. UTC 0900 ni saa 6 mchana, UTC 1200 ni saa 9 alasiri. Anayepitia kwanza saa za Kizungu hubadilisha mara mbili na siku moja atapotea kwa saa 6.

Neno TEMPO linasema hali hiyo itakuja na kuondoka, kila mara chini ya saa moja, na jumla yake isifike nusu ya kipindi. Rubani aliyechoka husoma TEMPO kama “labda”. Isome kama “ndiyo, ila sijui dakika gani”, kisha ujiulize kama una mafuta ya kusubiri dakika 60 itakapokukuta. PROB30 na PROB40 ndiyo “labda” halisi. Chini ya asilimia 30 mtabiri haandiki kabisa, na ikifika 50 anaacha kuandika labda. Kwa hiyo TAF isiyotaja radi haijakuahidi kwamba hakutakuwa na radi.

Kisha tazama umri wa karatasi. TAF ndefu hutolewa upya kila saa 6, na utabiri wa upepo wa juu kutoka vituo viwili vya dunia, London na Washington, hutolewa mara nne kwa siku. Karatasi iliyochapishwa jana jioni kwa ajili ya safari ya asubuhi inakupa picha ya anga iliyokwisha kupita. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52, Boeing 707 kutoka Colombia, iliishiwa mafuta ikijaribu kutua New York baada ya kusubirishwa angani mara kadhaa, na watu 73 kati ya 158 wakafariki. Sababu zilikuwa nyingi, na mawasiliano kati ya marubani na waongozaji yaliongoza. Lakini wachunguzi walikuta pia kwamba taarifa za hali ya hewa walizopewa marubani zilikuwa za saa 9 hadi 10 nyuma, na uwanja mbadala waliopangiwa, Boston, ulikuwa umetabiriwa hali isiyoruhusu kutua. Uwanja mbadala ulioko kwenye karatasi tu ni uzito wa wino.

Kuhusu uwanja mbadala, kosa ninaloliona zaidi ni kuchagua ulio karibu kwa sababu mafuta yake ni madogo. Viwanja vilivyo chini ya wingu moja vinafungika pamoja. Unakwenda Bukoba asubuhi ya masika, mbadala wako ukiwa ni uwanja mwingine wa mwambao wa ziwa: utabiri ukikosea kwa wa kwanza, uwezekano ni mkubwa kwamba umekosea na kwa wa pili. Chagua ambao hali yake inatokana na sababu tofauti, hata kama uko mbali zaidi.

Radi: panga kwa saa, usipange kwa mahali

Ziwa Viktoria lina tabia ambayo mtu wa Musoma au Entebbe hahitaji kufundishwa. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati na kupanda juu. Radi za ziwani kwa hiyo ni za usiku na alfajiri, na mara nyingi husukumwa na upepo wa mashariki kuelekea pwani ya magharibi asubuhi. Mchana mambo yanageuka: ziwa linatulia, nchi kavu inachemka, na mawingu yanajengeka juu ya vilima kuanzia saa 8 hivi. Utabiri unaweza kupotea kilomita 100 kuhusu mahali, lakini saa hizi hazipotei mara nyingi. Safari ya kuvuka ziwa saa 5 asubuhi ina nafasi nzuri kuliko ya saa 12 alfajiri. Safari ya kwenda viwanja vya milimani, kinyume chake, ifanye mapema.

Ndivyo ilivyo pia kwa upepo mkali wa Turkana, unaopita kama mto kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya. Unakuwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri, kisha unalegea mchana. Anayerudi Nairobi kutoka Lodwar mapambazuko ahesabu mafuta yake kwa nguvu ya alfajiri, hata kama utabiri umempa wastani wa siku.

Mafuta ya ziada: kiasi gani kinatosha?

Jibu la haraka ni kujaza tangi. Tangi kamili lina bei yake, kwa sababu mafuta yana uzito na uzito unachoma mafuta. Kwenye ndege za jeti, kwa kila saa ya safari, asilimia 3 hadi 4 ya mafuta ya ziada huteketea kwa kuyabeba yenyewe tu. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York mwezi Oktoba 2018, safari ya saa kama 15, tani moja ya ziada iliyopakiwa Nairobi ingefika upande wa pili ikiwa imepungua kwa theluthi moja au zaidi. Huko utabiri mzuri wa upepo ni fedha taslimu. Na kwa kuwa njia ni ndefu, makosa ya upepo hupunguzana: hapa umekupunja, mbele umekurudishia.

Njia fupi ya ndege ya polepole haina huruma hiyo. Kosa likianza mwanzoni, huenda likakufuata hadi mwisho. Ninashauri uchukue utabiri wa upepo, uongeze noti 10 za mbele, upige hesabu ya safari upya, na tofauti ya mafuta unayoipata ilinganishe na asilimia 5 ya kanuni. Beba iliyo kubwa. Noti 10 sikuzibuni. Ni ule upana ambao mtabiri mwenyewe ameruhusiwa.

Halafu weka kituo cha kuamua kabla hujapanda ndege. Kwenye ile Mwanza–Dar, nusu ya njia iko karibu na Kondoa, maili 230 hivi. Kwa mpango ungefika hapo baada ya saa 1 na dakika 32. Andika kwenye karatasi ya goti: nikichelewa zaidi ya dakika 5, nageukia Dodoma kujaza mafuta. Rubani wetu wa noti 25 atafika Kondoa amechelewa dakika 10, na Dodoma iko kama maili 90 kutoka hapo. Uamuzi uliofanywa ukiwa chini, na kikombe cha chai mkononi, ni bora kuliko utakaofanywa juu ya Morogoro na mshale wa mafuta ukikutazama, na abiria wa nyuma akiuliza kama mnafika kabla ya mkutano wake.

Lipa deni la taarifa

Utabiri wa upepo wa juu unalishwa na ndege zenyewe. Jeti nyingi hupima joto na upepo zikiwa njiani na kutuma ardhini bila rubani kugusa kitu. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha safari, vipimo hivyo vilipungua ghafla na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likatoa tahadhari kwamba ubora wa utabiri ungeathirika. Ndege ndogo nyingi hazina mtambo huo, nazo ndizo zinazopita kwenye vimo na mabonde ambayo jeti hazipiti. Ukikuta upepo tofauti na uliotabiriwa, au wingu mahali palipoandikwa shwari, mwambie mwongozaji: mahali, saa, kimo, na ulichokiona. Sentensi moja redioni inatosha.

Na nyumbani fungua daftari. Safu moja ya kilichotabiriwa, safu moja ya kilichotokea: joto la kuruka, upepo wa kiwanjani, upepo wa njiani, saa ya mvua. Baada ya msimu mmoja utaanza kuona kwamba makosa ni ya aina mbili. Yapo yanayotawanyika huku na huku; hayo dawa yake ni mafuta na nafasi ya ziada. Yapo pia yanayoegemea upande mmoja kila mara, kwa mfano kiwanja ambacho alasiri zake hutabiriwa baridi kuliko zilivyo kwa nyuzi 2 au 3. Hayo unaweza kuyarekebisha kwa kalamu kabla ya kupanga uzito. Tenganisha kurasa za masika na za kiangazi, na za kaskazi na za kusi, kwa sababu kosa la msimu mmoja halikwambii kitu kuhusu msimu mwingine.